Askari wa Mtihani na Mama Mkwe Wake

Mwaka huu, mtihani wa Kidato cha Nne ulipoanza, tuliletewa askari wawili vijana. Wana adabu, siwasingizii. Waliniamkia, wakachukua chai yao, wakarudi kukaa ndani ya gari na simu zao mpaka karatasi zikakusanywa. Wiki iliyofuata walikuja wengine, na baada ya hao wengine tena, na sijui hata jina la mmoja wao. Mimi ni Kalunde, mpishi wa shule ya upili ya kutwa iliyo nje kidogo ya Mbumbuni, na jiko langu linatazamana na geti. Anayeingia namwona, anayetoka namwona. Kila Novemba nikiona askari anayekula muthokoi wangu, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, huku macho yake yako kwenye simu, humkumbuka Koplo Munyao na hasira hunipanda kidogo.

Kabla ya Munyao, polisi kwetu walikuwa watu wa kuja na moshi. Mwaka mmoja wavulana waligoma kwa sababu ya maharagwe, maharagwe yangu, ambayo mpaka leo nasema hayakuwa na kasoro yoyote. Lori la polisi likaja, vitoa machozi vikarushwa, na mimi niliyekuwa jikoni nikalia kuliko wote waliogoma. Tangu siku hiyo nikiona sare nafunika sufuria. Kwa hiyo Munyao alipotumwa kwetu mara ya kwanza kulinda mtihani, nilimpimia chai nusu kikombe. Akainywa yote, akakiosha kikombe mwenyewe kwenye ndoo ya nje, akanirudishia.

"Asante, Mama," akasema. "Nani ameniharibia jina hapa kabla sijafika?"

Nilicheka bila kutaka. Kuanzia siku hiyo kikombe chake kilijaa.

Alikuwa mtu wa Ikutha, upande wa Kitui, kule ambako jua halina mzaha. Mrefu hakuwa, mnene hakuwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa kwaya, kwa maana kweli aliimba besi kanisani. Alinisimulia kwamba yeye mwenyewe alipofanya mtihani wa Kidato cha Nne, kulikuwa na askari aliyezunguka darasa kutwa nzima na viatu vya chuma, ko, ko, ko, mpaka hesabu zikamtoka kichwani moja baada ya nyingine. Alama hazikutosha kumpeleka chuo cha ualimu alichokitaka. Akaingia polisi. Ndiyo maana, alipoletwa kulinda watoto wetu, alifika na jozi ya akala ndani ya mfuko. Karatasi zikishafunguliwa alivua buti, akavaa zile akala za tairi, na akazunguka darasa kimya hata kuku wangu hawakushtuka. Bunduki aliivaa mgongoni, na akipita dirishani aligeuka ili watoto waone uso wake kwanza.

Kitu kilichowafanya watoto wampende kilikuwa kingine. Kila asubuhi lazima watahiniwa wapekuliwe, mifuko, soksi, viatu, vifuniko vya kalamu. Watoto wa watu husimama pale wakitetemeka kama wezi hata kama hawajaiba sindano. Munyao alisimama mbele ya mstari, akavua kofia, akageuza mifuko yake nje, akamwita mmoja wao.

"Njoo unipekue mimi kwanza. Sheria ni moja. Anayepita geti hili anapekuliwa."

Mwaka mmoja msichana alimkuta na kiazi kitamu kilichochemshwa, kimefungwa kwa karatasi. Mstari wote ukacheka, na mwalimu mkuu, Bwana Nzioka, aliyekuwa akinuna akisema huu ni mtihani wa taifa si maigizo, akacheka pia. Waliingia darasani siku hiyo wakiwa wamechangamka usoni. Nimepika shuleni miaka mingi na nimeona walimu wengi wa ushauri wakilipwa kufanya kazi hiyo wakashindwa.

Alirudi mwaka baada ya mwaka. Wakati huo iliwezekana. Na kwa sababu alirudi, alioa kwetu. Alimwoa Kasiva, binti wa mjane mmoja aliyeishi juu ya kilima nyuma ya shule, na mjane huyo tulimwita Mama Kasiva. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanza kuuma.

Sisi Wakamba tuna jambo tunaloliita nthoni. Ni haya na heshima kwa pamoja, na kali kuliko yote ni ile iliyo kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawatazamani usoni. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi vijana wanakaa sofa moja na mama wakwe zao wakitazama televisheni na kugombania rimoti, na pasta anasema hakuna dhambi. Sijasema kuna dhambi. Lakini Mama Kasiva alikuwa mtu wa zamani, na Munyao wa Ikutha alikuwa wa zamani zaidi ya umri wake. Siku ya harusi mama huyo alikaa benchi la nyuma kabisa amejifunika leso mpaka puani. Picha ya harusi ilitundikwa chumbani kwa Kasiva, na chumba hicho hakukikanyaga. Miaka ilipita, watoto wakazaliwa, na mama huyo hakuijua sura ya mume wa binti yake.

Sasa, mama huyo alikuwa amemlea mjukuu, Nduku, mtoto wa marehemu mwanawe. Nduku alikuwa na kichwa chepesi sana. Alitaka uuguzi tangu akiwa darasa la tano, na aliwafunga kuku wangu mabandeji ya vitambaa hata wale wasioumwa. Halafu akiwa Kidato cha Tatu akapata mimba. Aliyempa mimba alikwenda Mombasa na hajulikani alipo, na mimi sitampa nafasi zaidi ya hiyo. Mtoto alizaliwa Agosti, akaitwa Kasyoki, jina la babake Nduku. Novemba ikafika, Nduku akiwa mtahiniwa, na Munyao ndiye mlinzi. Alikuwa amemwambia mkubwa wake kwamba ana mtu wa kwake kati ya watahiniwa. Akajibiwa askari ni wachache, aende akafanye kazi.

Kasyoki alikataa chupa. Tulijaribu, akatema. Basi kila siku Mama Kasiva alimleta mtoto, akaketi nje ya geti juu ya kigoda chake, akingoja mapumziko Nduku atoke amnyonyeshe. Munyao akisikia kengele ya mapumziko alikwenda haraka nyuma ya madarasa, na askari wa kike aliyekuwa naye ndiye aliyekaa getini kumpekua Nduku akirudi ndani. Ilikuwa ikinichekesha kila siku. Kengele inalia, askari anatoweka kama aliyeona fisi.

Siku ya Baiolojia maji yakazidi unga. Askari wa kike aliamka mgonjwa na hakuletwa mwingine. Karatasi ilipokuwa katikati, mvua ikashuka kutoka upande wa milima ya Mbooni, ile mvua yetu ya Novemba isiyobisha hodi. Mama Kasiva yuko nje ya geti, hakuna nyumba karibu. Mtoto akaanza kulia. Alilia mpaka sauti ikapita mvua na mabati na kuingia darasani.

Msimamizi wa mtihani akatokea mlangoni. "Koplo, yule msichana ameweka kalamu chini. Analia tu. Asipoendelea kuandika, hiyo pepa imekwenda."

Na bila Baiolojia hakuna uuguzi. Hilo hata mimi mpishi nililijua.

Munyao alikimbia hadi getini, kisha akasimama ghafla, akaligeuzia geti mgongo. Kule nje Mama Kasiva naye alikuwa amegeuza mgongo, leso imeloa kichwani, mtoto kifuani. Migongo miwili, geti katikati, na mimi na mwiko mkononi.

"Mama Mutiso," Munyao aliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "mwambie huyo aliye nje aingie jikoni kwako ajikinge."

"Mwambie siingii," Mama Kasiva akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Anayeingia anapekuliwa. Anipekue mimi, halafu tuishi vipi? Na asiponipekua, watasema Nduku ameletewa majibu. Mwambie achukue mtoto peke yake."

"Nimesikia," akasema Munyao.

"Mwambie kama amesikia asinijibu."

Mnaweza kucheka sasa. Wakati ule sikucheka, nilikuwa naona midomo ya mtoto ikigeuka rangi. Nilifungua geti kidogo, nikampokea Kasyoki, nikamweka juu ya meza ya jikoni. Munyao alimpekua mtoto yule kama sheria inavyosema. Alifungua shuka, akafungua sweta, akakung'uta kila kitambaa, akageuza soksi ndogo nje ndani, huku akinong'ona, "Nisamehe mzee, nisamehe," kwa sababu mtoto alibeba jina la shemeji yake marehemu. Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na mtoto na unyevu.

Msimamizi akaruhusu Nduku atoke mpaka kwenye veranda. Alinyonyesha ameketi sakafuni, mimi nikiwa nimesimama karibu yake. Msimamizi alisimama mlangoni akiwatazama wengine, na Munyao kwenye pembe ya jengo, ametupa mgongo. Nduku alipomaliza alipangusa macho, akarudi ndani, nikaiona kalamu ikitembea tena.

Kabla ya hapo Munyao alikuwa amevua koti lake la mvua, lile refu la polisi, akalitundika juu ya geti bila kuangalia nje, akaondoka. Mama Kasiva aliliacha linyeshewe.

"Livae, Mama Kasiva," nikamwambia.

"Nguo ya mkwe?"

"Hiyo si yake. Ni ya serikali."

Akafikiria, akaona kweli, akalivaa. Likamfika kwenye vidole vya miguu. Na hapo hapo, kwa bahati yetu mbaya, gari la mkaguzi wa mitihani likaingia. Akamkuta mwanamke mzee amevaa koti la polisi getini, askari amelowa hana koti, na mtahiniwa mmoja ndio kwanza anaketi akiwa na maziwa kwenye blauzi. Akauliza yule mwanamke ni nani.

"Ni mama mkwe wangu," akasema Munyao.

Angeweza kusema ni mpita njia. Nilitamani kumtia mwiko mdomoni. Lakini huyo ndiye alikuwa Munyao, uongo haukumkaa.

Mkaguzi alifanya kazi yake, simlaumu. Miaka ile kulikuwa na hadithi nyingi za majibu kuingizwa ndani ya mikate na mashuka ya watoto. Ikasemwa kwamba askari na mama mkwe wake walipanga njama. Munyao akaondolewa kwetu jioni ile ile. Karatasi ya Baiolojia ya Nduku ikawekwa kando, isisahihishwe mpaka maneno yasikilizwe, na wakituona na hatia ifutwe. Nduku alimaliza mitihani iliyobaki akiwa amekonda, na hakugusa kuku tena.

Desemba tukaitwa Makindu, kwenye ofisi ya polisi. Tulikwenda watatu, mimi, Mama Kasiva na Nduku, na Munyao tukamkuta huko. Aliyesikiliza kesi alikuwa mkubwa mmoja wa polisi kutoka kaskazini mashariki, Bwana Ahmednur, mtu mpole mwenye miwani. Nilimweleza yote niliyoyaona. Alinisikiliza bila kunikata, kisha akamgeukia Mama Kasiva, ambaye Munyao alipoingia chumbani alijivutia leso mpaka kidevuni.

"Mama, huyu Koplo alikuambia nini siku hiyo?"

"Hakuniambia. Hajawahi kuniambia kitu."

"Ni mkwe wako miaka yote hii."

"Ndiyo sababu."

Bwana Ahmednur akavua miwani. "Unataka kuniambia hujui hata sura yake?"

"Ningeijuaje?" akasema Mama Kasiva, naye sasa amekasirika. "Mimi ni mtu nimelelewa."

Maafisa aliokuwa nao walinong'onezana pale mezani. Wengine walitabasamu kwa upande wa mdomo, nikaona hawaamini. Nduku alikuwa ameshika upindo wa gauni langu kama mtoto wa chekechea. Bwana Ahmednur akatoka nje, na aliporudi alikuwa na askari kadhaa, wote katika sare moja. Akamwambia Munyao asimame kati yao, akawapanga ukutani.

"Mama," akasema, "nionyeshe mkwe wako."

Mama Kasiva alikuwa ametazama sakafu.

"Lazima nitazame?"

"Mimi pia nina mama mkwe," Bwana Ahmednur akasema polepole. "Najua ninachokuomba. Lakini mjukuu wako anangoja."

Mama Kasiva alimtazama Nduku. Kisha aliinuka, akaishusha leso mabegani. Kuna watu watasema ni jambo dogo, mwanamke kuwatazama wanaume wamesimama ukutani. Mimi nilitaka kumfunika macho kwa kiganja changu. Alianza na viatu, vyote vilikuwa sawa. Akapanda kwenye mikanda, akapanda kwenye vifua, na mwisho akainua macho usoni kwao. Munyao alikuwa amefumba macho yake.

Alipita mbele yao. Akarudi. Akasimama mbele ya kijana mmoja mrefu, mweupe wa meno, wa kikosi cha barabarani.

"Ni huyu," akasema.

Yule kijana akashtuka. "Mama, mimi hata sijaoa."

Kicheko kilichopasuka mle ndani sijakisikia tena katika ofisi yoyote ya serikali. Mama Kasiva peke yake hakucheka. Alifikiri amemwangusha Nduku. Aligeuka huku na huku akisema, "Sasa je? Sasa je?" mpaka Bwana Ahmednur akamletea kiti mwenyewe.

"Umefaulu, Mama," akamwambia. "Nilikuwa nakutazama wewe, sikuutazama mstari. Watu wasiojuana hata sura hawawezi kupanga njama. Karatasi ya mtoto itasahihishwa kama za wenzake."

Ikasahihishwa. Leo Nduku ni muuguzi upande wa Kiboko, na Kasyoki anasoma darasa la nne. Lakini Munyao hakurudishwa kwetu. Kanuni ni kanuni, mtu mwenye jamaa shuleni halindi mtihani pale, na kusema kweli ni kanuni nzuri. Alibaki Makindu mpaka akastaafu, na sasa yuko Ikutha na mbuzi wake. Hunipigia simu kila Krismasi. Mimi kila Novemba bado natega sikio nisikie mstari wa watahiniwa ukicheka, na haucheki.

Siku ile tulitoka nje ya ofisi, jua la Makindu limewaka. Munyao alitutangulia, akasimama pembeni ya ukuta ametupa mgongo kama kawaida yake, kofia imeshuka mpaka puani. Mama Kasiva akanivuta mkono.

"Ni yupi basi?"

Nikamwonyesha. Nilidhani atajifunika. Badala yake alinipita, akauzunguka mgongo ule, akaenda kusimama mbele yake.

"Vua hiyo kofia."

"Siwezi, Mwaitu," Munyao akasema. Kwa Kikamba ni kusema mama yangu. Sauti yake nzito yote ilikuwa imekwisha.

"Nimeshawatazama wanaume wa watu huko ndani. Nitashindwa kukutazama wewe?"

Akaivua. Alikuwa analia, mtu mzima, mbele ya barabara ya Mombasa na malori yake yote. Mama Kasiva alimtazama kwa muda mrefu, paji la uso, mashavu, kovu dogo la kidevuni ambalo binti yake lazima alikuwa amemsimulia. Kisha akainua mkono, na mkono ule ukaishia karibu na kichwa chake, haukugusa.

"Mvi zote hizi," akasema. "Zimeota lini, na mimi nipo?"